Land Rover 109 ya marehemu baba: nianzie injini au nianzie uvunguni?

MwalimuKitunguu (Karatu)

Wakuu, shikamooni. Walio wadogo kwangu, hamjambo.

Nina gari ambalo ukoo mzima umeshalichoka isipokuwa mimi. Land Rover 109, Series III, ya petroli, kadi inasema 1978. Baba alikuwa bwana mifugo. Alilipata kwenye mnada wa magari ya serikali mwaka 1993, akaliendesha mpaka macho yalipomkatalia, 2017. Mwaka juzi akatutoka. Miaka yote hiyo gari limekaa chini ya mgunga nyuma ya nyumba, na kuku mmoja mwekundu amejimilikisha kiti cha dereva, ndipo anapotagia.

Kaka zangu walishaleta mtu wa chuma chakavu. Alilizunguka mara moja, akaligonga ubavuni kwa kidole, akasema "alumini tupu hii", akataja bei ya mbuzi wawili. Nikamwonyesha geti. Mirathi imekwisha, kadi ina jina langu, kwa hiyo maneno ya kaka zangu siku hizi ni ushauri tu.

Ninalitaka kwa kazi, si kwa kupigia picha. Nafundisha hapa Karatu, na nina ekari tatu za vitunguu Mang'ola. Wanaoijua ile barabara wanaijua: vumbi kama unga wa sembe, mawe, na mvua ikinyesha makorongo yanakatiza njia. Kila msimu nakodi pikapu ya watu kupeleka mbolea, dawa, mafuta ya pampu na unga wa vibarua. Nataka nipakie mifuko kumi ya mbolea kwenye gari la baba, nishuke asubuhi, nirudi jioni. Kasi siihitaji. Sijaona mtu anayekimbizana na kitunguu.

Hali yake, kwa macho yangu nisiye fundi: injini haijakwama. Tumeizungusha kwa hendeli pale mbele na inazunguka, ingawa kijana aliyezungusha alilala na mgongo. Breki hakuna, pedeli inazama mpaka chini. Sakafu upande wa dereva, pale panapokaa mguu wa klachi, naona majani. Usukani unauzungusha karibu robo kabla magurudumu hayajapata habari. Matairi ni magome ya mti. Nyaya zimeliwa na panya.

Jumamosi alikuja fundi mmoja wa hapa mjini. Alifungua boneti, akatikisa kichwa kama daktari, akasema: "Mwalimu, injini ya petroli hii inakunywa kama mlevi. Toa, weka 300Tdi." Hiyo ni injini ya dizeli yenye turbo. Bei yake milioni 9 na nusu, injini ya mtumba pamoja na kuifunga, na ndani yake akachomeka rimu na matairi mapana "ili lisimame vizuri". Uvunguni hakuinama hata mara moja. Mimi nina milioni 8 za mavuno yaliyopita, na hazizai nyingine mpaka mavuno yajayo.

Kuna jambo moja zaidi. Baba ameacha daftari. Lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, juu ameandika GARI. Kila alichokifanya kimo, kwa tarehe, kwa kalamu ya bluu. Nimelisoma siku mbili usiku. Sehemu kubwa ni oili na pancha, lakini kuna mistari inayorudiarudia ambayo siielewi maana yake. Nainakili kama alivyoandika:

"12/3/2004. Mto wa Mbu. Imechemsha kwenye kupanda. Maji lita 3. Fundi ametoa thamostati."

"30/8/2004. Imechemsha tena, kabla ya Rhotia. Maji lita 4."

"7/2/2011. Ovahoo, Arusha. Pistoni +20. Krenki imesagwa. Hedi imenyooshwa."

"19/6/2011. Injini mpya, bado inachemsha. Nimechoka."

Baba hakuwa mtu wa kusema amechoka. Nianzie wapi?

MzeeWaNoah (Moshi)

Uza. Ongeza kidogo, chukua Toyota Noah.

MwalimuKitunguu

Noah nimepanda mara nyingi kwenda Mang'ola, kaka. Mara mbili nilishuka kusukuma na mara moja nilishuka kulia. Endelea tu na yako.

FundiMstaafu (Arusha)

Marahaba mwalimu. Pole na msiba.

Mimi nina miaka 64, na karibu 35 kati ya hiyo nimelala chali chini ya Land Rover, nyingi ya miaka hiyo hapa mtaa wa Unga Limited. Sikumbuki kama mimi ndiye niliyeifanyia ovahoo, yaani kuifungua na kuitengeneza upya, injini ya baba yako, tulikuwa wengi. Swali lako nitalifikia. Kwanza nijibu daftari.

Gari la baba yako lilikuwa na ugonjwa wa maji, wakalitibu injini. Anza na thamostati. Ni kosa la mafundi wengi, mimi nikiwemo nilipokuwa kijana: gari likichemsha, toa thamostati, maji yapite kwa uhuru. Kwenye injini hii, lita 2.25 ya petroli, hesabu hiyo haikubali. Kuna mpira mfupi unaotoka kwenye nyumba ya thamostati na kushuka kwenye pampu ya maji. Injini ikiwa baridi, maji huzunguka kwa njia hiyo fupi bila kufika kwenye rejeta. Ikishapata moto, thamostati yake halisi, ile yenye sketi, inafungua njia ya rejeta na papo hapo sketi inaziba njia fupi. Ukishaitoa, njia fupi haina wa kuizuia. Sehemu ya maji ya moto inarudi ndani ya injini ikiwa ya moto vilevile. Baba yako akawa anapanda mlima huku nusu ya maji yake yanakwepa kazi.

Lakini hiyo ilikuja baada ya kuchemsha kwa mara ya kwanza, kwa hiyo siyo chanzo. Kitu kingine kilibadilika kabla ya Machi 2004. Nifanyie kazi moja: rudi nyuma kwenye daftari miezi sita au mwaka, kisha simama mbele ya gari uangalie nyuma ya rejeta. Kuna kava la feni, bati linaloizunguka feni? Nina shaka nalo. Feni isiyo na kava inavuta hewa ya pembeni, hewa ileile iliyokwisha kuwa moto ndani ya boneti, badala ya kuivuta kupitia matundu ya rejeta. Ukiwa tambarare unakimbia huoni kitu, upepo wa mbele unakusaidia. Ukiwa gia ya pili, mzigo nyuma, unapanda ule ukuta wa mlima wa Mto wa Mbu, upepo hakuna. Una feni peke yake.

Sasa injini yenyewe. Pistoni +20 maana yake silinda zilichongwa zikapanuliwa kidogo tu, bado kuna nafasi ya kuchongwa tena huko mbele. Krenki ilisagwa 2011, gari likaegeshwa 2017. Injini hiyo haijazeeka, imelala. Kabla ya kutia betri: mwaga petroli yote ya zamani, fungua tangi lililo chini ya kiti ulisafishe, toa plagi nne, mimina oili kijiko kimoja kila tundu, iache usiku kucha, kisha zungusha kwa hendeli bila plagi. Badilisha oili na filta. Safisha pointi, ziweke 0.38 mm. Kabureta ifunguliwe, kama ni Zenith uangaliwe uso wake kama haujapinda. Ikishawaka, fungua kifuniko cha rejeta ikiwa bado baridi utazame maji. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, hapo ndipo tuzungumze habari ya gasketi ya hedi. Yasipotoka, funga boneti uende chini.

Chini ndiko pesa yako inakotakiwa. Chukua bisibisi kubwa na nyundo ndogo, lala chini mwenyewe, usimtume mtu. Gonga chasisi yote toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele ya shule, kilichooza kinasema "pu". Pakisema "pu", choma bisibisi. Sehemu za kutazama sana ni krosmemba (chuma kinachokatiza chasisi) ya nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, mahali springi zinaposhikwa, na mgongo wa chasisi juu ya difu ya nyuma ambako tope hukaa na halionekani. Fundi anayekuuzia injini ya milioni 9 bila kuinama hapo anakuuzia suti ya mgonjwa aliye kitandani.

Baada ya chasisi, breki. 109 ina drami za inchi 11, na mbele kila gurudumu lina silinda mbili, nyuma moja moja. Jumla sita. Usibadilishe mbili ukaacha nne, zimekaa miaka minane bila kusogea, zote zina kutu ndani. Silinda sita, masta silinda, mipira, na mabomba yote ya chuma yatoke yaingie ya shaba. Halafu kuna ujanja wa kutoa hewa, kwa sababu 109 huwasumbua vijana mpaka wanasema masta mpya ni mbovu: kaza marekebisho ya viatu vya breki mpaka magurudumu yagome kuzunguka, ndipo utoe hewa, ndipo ulegeze. Pedeli itakuja juu.

Breki ya mkono ya gari hili haiko magurudumuni, iko nyuma ya giaboksi, inashika propela, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye difu. Ikivuja sili ya pale, oili inaloanisha viatu na gari linatelemka taratibu huku umevuta breki mpaka mwisho. Usiivute gari likiwa linatembea, utavunja kitu.

Usukani: kuna vichwa sita vya tairodi, zile fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu. Mtu mmoja atikise usukani, mwingine ashike kila kichwa kwa mkono asikie kipi kinacheza. Kwa kawaida vitatu au vinne vimekufa. Ukimaliza hivyo, mchezo ukibaki, sogea kwenye boksi la steringi. Kile kipande cha wima kilicho mbele ya chasisi, kinachopokea kutoka kwenye boksi na kupeleka magurudumuni, kisifunguliwe na mtu asiyekijua. Ndani kuna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Nimeona ikitoboa bati la paa la gereji.

Rimu pana sahau. Gari halina paua ya usukani. Tairi pana kwenye rimu inayotoka nje inakula beringi za mbele na mabega yako. Weka 7.50-16, nyembamba, ile iliyozaliwa nayo. Inakata tope kufika chini penye ugumu.

NanyukiKwaMlima (Nanyuki)

Mwalimu, habari ya huko. Mimi niko Nanyuki na gari yangu ni 109 kama yako, ya 1976, lakini nilitoa petroli 2015 nikatia 200Tdi. Kwa hivyo nitasimama upande wa makanika wako kidogo, halafu nitashuka.

Kwa mafuta yuko sawa. Petroli yangu ilikuwa inaenda kilomita tano, sita nikiwa mpole, kwa lita moja. Sasa naenda tisa, siku nzuri kumi. Na mlima gari inapanda kama imesahau iko na mzigo. Kama unafanya safari ya kila siku, hiyo pesa inarudi.

Lakini wewe unaenda shamba mara ngapi kwa mwezi? Mara nne? Piga hesabu, wewe ni mwalimu. Mimi nilipiga baada ya kununua.

Halafu kuna vitu makanika haambii mtu. Moja, giaboksi ya Series haikutengenezewa nguvu ya turbo. Yangu ilikula gia ya pili ndani ya miaka miwili, na mimi si mtu wa kukanyaga. Mbili, difu ya gari yetu ni ya uwiano wa 4.7, fupi sana. Injini inapiga kelele ukifika themanini, kwa hivyo ukatafute ovadraivu, gia ya ziada ya kupunguza mzunguko wa injini, hiyo ni pesa nyingine. Tatu, nilipata nguvu ya kukimbia kabla ya kupata breki za kusimama. Siku moja kwa mteremko wa kushuka Isiolo nilijua Mungu ananijua kwa jina.

Na hii ya nne ni yako hasa, kwa sababu ya hilo vumbi unalosema. 200Tdi na 300Tdi zinatumia mkanda wa taimingi. Vumbi ikiingia kwa kava, mkanda unakatika, valvu zinagonga pistoni, na uko katikati ya pori. Injini ya baba iko na cheni. Cheni inapiga kelele miezi mingi kabla ya kukuangusha, inakuonya.

Kitu ningekuambia uongeze, kitu kidogo cha bei: toa pointi, weka iginisheni ya elektroniki ndani ya distributa ileile. Na relei za taa za mbele. Taa za Series zinapitisha umeme wote kwa swichi, ndio maana zinawaka kama mshumaa. Ukiweka relei usiku unaona punda kabla punda hajakuona.

FundiMstaafu (Arusha)

Nanyuki, nakuunga mkono kwa relei. Iginisheni ya elektroniki nzuri, ila mwalimu, zile pointi na kondensa za zamani zifunge kwenye mfuko uzitie chini ya kiti. Ya elektroniki ikifa, imekufa. Pointi unazisugua na karatasi ya kiberiti unafika nyumbani.

Na wote wanaofikiria kubadili injini wakumbuke namba ya injini iko kwenye kadi. Ukibadilisha injini bila kubadilisha kadi TRA, mamlaka ya mapato, siku ya kuuza au siku ya kukaguliwa utaeleza mpaka ukauke koo.

KutuHainaRafiki (Tanga)

Dada mwalimu, hujambo. Mimi si fundi injini, mimi ni mchomeleaji, na huku kwetu pwani chumvi imenifunza kazi.

Watu wanasema Land Rover haishiki kutu kwa sababu bodi ni alumini. Nusu ya kweli. Waingereza walitumia alumini kwa sababu walipoanza kulitengeneza, 1948, chuma kilikuwa kwa mgao baada ya vita. Lakini chasisi ni chuma, na ukuta wa mbele kati ya injini na dereva, ule unaoshika bawaba za milango na sakafu ya miguu, nao ni chuma. Tena pale alumini inapokutana na chuma pakiwa na unyevu na chumvi, alumini inageuka unga mweupe. Ukiona unga huo kwenye maungio, usipake rangi juu yake. Fungua.

Sakafu ya miguu unayoonea majani isikutishe, hiyo inakatwa na kukunjwa bati jipya la milimita 1.5, kazi ya siku mbili. Tazama nguzo za milango. Inua mlango ukiwa wazi: ukicheza pamoja na nguzo, tatizo siyo bawaba, ni nguzo.

Ombi langu ni hili, ulishike kuliko yote. Siku ya kuchomelea, tangi la petroli litoke nje ya gari, lipelekwe mbali. Si "limemwagwa", litoke. Tangi tupu lina mvuke na ni baya kuliko lililojaa. Na betri ifunguliwe, na waya wa altaneta. Kazi ikiisha, mwaga oili chafu ndani ya mabomba ya chasisi kupitia matundu yake, gari liegeshwe kwenye mteremko isambae. Wakati wa kumwaga funika breki na bushi za mpira, hazipatani na oili.

Mang'ola ni karibu na Ziwa Eyasi, sivyo? Angalia udongo utakaokuta ndani ya chasisi.

MwalimuKitunguu

Wakuu, samahani kwa kukaa kimya, tulikuwa na mitihani. Jumamosi tatu nimelala chini ya gari. Nimejifunza kwamba mtu wa miaka 41 akilala chini ya gari kuinuka kwake ni mradi unaojitegemea.

Chasisi: mbele inalia kengele, katikati inalia kengele. Juu ya difu, upande wa kushoto inalia, kulia inasema "pu", bisibisi imeingia kiganja kizima. Krosmemba ya nyuma usiulize. Niliichoma, bisibisi ikazama mpaka mpini, nilipoichomoa ukamwagika udongo usoni kwangu, mwingi, kama gunia limetoboka. Mweupe, laini. Udongo wa Mang'ola kabisa, miaka ishirini na zaidi ya safari za baba imo humo ndani. Kaka wa Tanga, nilikumbuka swali lako nikautia ulimini. Una chumvi. Mtoto wangu aliyekuwa ameshika tochi sasa anasimulia shule nzima kwamba mama anakula gari.

Nguzo za milango: ya dereva nzima, ya abiria inacheza kidogo kwa chini. Tairodi: nne kati ya sita zimekufa, kama Fundi alivyotabiri.

Injini nimefuata maneno ya Fundi neno kwa neno. Oili kijiko kimoja kila tundu, usiku kucha. Tangi tulilitoa, ndani petroli imekuwa kama asali ya kuungua. Jumapili iliyopita tumefunga betri ya kuazima, tangi likiwa galoni la plastiki lililoning'inizwa kwenye mgunga. Mara ya sita ikawaka. Ilitoa moshi wa bluu mpaka jirani akaja na ndoo ya maji, halafu moshi ukapungua, ikatulia, ikawa inasema ile sauti yake. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni, hakusema kitu, akarudi ndani. Kwenye rejeta hakuna mapovu. Nimetazama dakika kumi.

Sasa daftari. Fundi, nilirudi nyuma kama ulivyoniagiza. Ukurasa wa Novemba:

"22/11/2003. Nimetoa kava la feni kubadilisha mkanda. Bolti mbili zimekatika. Nitalirudisha."

Nimesoma kurasa zote zilizofuata hadi 2017. Hakulirudisha. Na nyuma ya rejeta kweli hakuna kitu, kuna matundu manne tu, mawili bado yana vipande vya bolti ndani yake.

FundiMstaafu (Arusha)

Miaka kumi na tatu alipanda ule mlima na ovahoo moja juu yake, kwa ajili ya bolti mbili. Na kila fundi aliyefungua boneti hiyo, mimi pengine nikiwa mmoja wao, alitazama injini.

Sasa panga hivi. Kuchomelea krosmemba, kipande cha juu ya difu na sakafu: mtafute mchomeleaji anayejua chasisi, siyo wa mageti, na umwambie akate mpaka kwenye chuma kizima kabla hajapachika kipya. Breki zote pamoja na mabomba. Tairodi nne, ila nunua sita. Matairi matano, na la akiba ni tairi nalo, usiweke gome. Rejeta ipelekwe kufunguliwa ichokonolewe, usiishie kuipuliza. Thamostati ya sketi, mipira yote ya maji, mkanda wa feni. Nyaya. Kwa bei za huku ninazozijua, ukisimamia mwenyewe na kununua spea mwenyewe, milioni 8 inafika na inabaki ya bima. Ukimpa mtu hela yote mkononi akununulie, haifiki.

Vipande vya bolti vilivyobaki visitobolewe kwa pupa. Tia mafuta ya kulegeza kutu siku tatu, kisha vipate moto kidogo.

Kava jipya sidhani kama utalipata madukani haraka. Uliza uwanja wa magari mabovu, au fundi bati akukunjie kwa kipimo. Feni isiguse, na pengo lisiwe kubwa.

MwalimuKitunguu

Fundi, kava limepatikana. Baba hakutupa kitu maishani mwake. Limezibwa nalo dirisha la banda la kuku, upande wa mashariki, limepigiwa misumari minne, na mama anasema liko hapo tangu sisi tuko shule. Lina tundu katikati ambalo kuku wanatolea vichwa. Limepinda pembe moja tu.

Mama amekataa lisiguswe mpaka banda lipate wavu. Wavu wa mita mbili, na misumari: nimeviandika kwenye bajeti ya gari, juu ya breki.